Kutoka Maragoli hadi Lugari: Imani Iliyohama na Familia

Sehemu ya kaskazini ya Kaunti ya Kakamega, kuanzia Lugari hadi Likuyani, ni nchi ya skimu za makazi. Kabla ya uhuru palikuwa na mashamba ya walowezi wa Kizungu. Miaka ya 1960 serikali iliyanunua na kuyagawia familia za Kiafrika, na nyingi kati ya zilizofika huku zilikuwa za Waluhya kutoka vilima vya kusini: Maragoli, Bunyore, Tiriki, Idakho na Isukha. Zilihama na majembe, sufuria, kuku wa mbegu na Biblia. Makanisa mengi yaliyotapakaa huko leo hayakujengwa na misheni ya kigeni. Yalianzishwa na akina baba na akina mama waliokuwa wangali wanang'oa visiki kwenye ploti zao. Anayetaka kuelewa jinsi ilivyowezekana hana budi kuifuata njia yao, akianzia Mbale na Chavakali, akapita Kakamega mjini na Malava hadi Webuye, kisha akakata mashariki kuelekea Turbo.

Kusini, barabara inapanda vilima vya mawe makubwa yaliyolaliana. Mvua huku hainyimi, na udongo umelimwa hadi ukingoni mwa lami: mahindi na maharage pamoja, migomba nyuma ya nyumba, chai kwenye miteremko ya upande wa Tiriki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 katika Kaunti ya Vihiga, yaani zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, na hiyo ni nchi ya wakulima, si mji. Msongamano huu si wa jana. Hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia maofisa wa kikoloni walikuwa wakiandika kuhusu wingi wa watu Maragoli. Baba aliwagawia wanawe shamba, nao wakawagawia wana wao, hadi kila mmoja akabaki na kipande cha kutosha nyumba, choo na mistari michache ya mahindi. Upande wa pili wa mpaka wa rizavu, eneo lililotengewa wenyeji, mlowezi mmoja alikuwa na eneo ambalo lingetosha ukoo mzima.

Kutoka Chavakali, barabara ya mashariki inaelekea Kaimosi. Hapo ndipo Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki (Quakers), Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipofika Agosti 1902, miezi michache tu baada ya reli ya Uganda kufika ziwani Kisumu. Waliiita kazi yao misheni ya viwanda. Palijengwa kinu cha kupasua mbao kilichoendeshwa kwa nguvu za maji, kisha zahanati na shule, na vijana wa kwanza kuvutwa na misheni walikuja kutafuta kazi kabla ya kutafuta wokovu. Mmoja wa waongofu wa mwanzo kabisa, Daudi Lung'aho, alibaki pale na kuoa Maria Maraga. Mwana wao Thomas Lung'aho baadaye alikuwa katibu mtendaji wa Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, chombo kikuu cha Marafiki kilichoundwa mwaka 1946. Katika kizazi kimoja familia ya kijana wa kibarua ilitoa msimamizi wa kanisa zima.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa lililotokea Kaimosi na katika kituo cha Vihiga, alikofanya kazi Emory Rees na mkewe Deborah, lilikuwa kuzaliwa kwa aina mpya ya familia. Waongofu waliitwa avasomi, watu wa kusoma, na wengi walihama nyumba za wazazi wao na kujenga karibu na misheni. Nyumba ya msonge ilipisha nyumba ya pembe nne yenye madirisha. Mume alikuwa na mke mmoja. Busaa na tumbaku havikuingia mlangoni, jambo lililowatenga na wazee, kwani pombe ilikuwa sehemu ya mashauri, mahari na matambiko. Mwanamke, ambaye mila ya Kiluhya ilimkataza kula kuku, sasa aliketi na mumewe mbele ya sahani moja ya ingokho, yaani kuku. Rees, akisaidiwa na Joel Litu, alitafsiri Maandiko kwa Kilogooli, lugha ya Maragoli. Biblia nzima ilichapishwa mwaka 1951, na kwa familia nyingi ndicho kitabu pekee kilichokuwa nyumbani. Uhamaji wa kwanza wa imani ulikuwa huu, wa kilomita chache tu, kutoka boma la baba hadi uwanja wa misheni. Waliokwenda Lugari nusu karne baadaye walikuwa wamelelewa katika nyumba hizo, na simulizi za kuhama kwa ajili ya imani walizisikia kwa babu na bibi zao.

Misheni nyingine ziligawana nchi iliyobaki. Kima, Bunyore, ilikuja kuwa ya Kanisa la Mungu. Nyang'ori iliwaendea Wapentekoste kutoka Kanada. Wakatoliki wa Mill Hill walijenga Mumias na Mukumu, na kanisa la Mukumu bado linaonekana karibu na barabara kuu, kabla ya msafiri kufika Khayega. Mumias yenyewe ilikuwa na Waislamu tangu enzi za Nabongo Mumia, misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipokuwa ikipumzika katika boma lake. Misheni za Kiprotestanti zilikubaliana kutoingiliana, kwa hiyo dhehebu la mtu lilifuata kilima alichozaliwa. Mlogooli alitarajiwa kuwa Rafiki na Mnyore kuwa wa Kanisa la Mungu. Mwisukha akawa Mkatoliki au Rafiki kutegemea upande aliko. Hata jiwe la Ilesi, linalosimama karibu na barabara likitiririkwa na maji kama chozi shavuni, liliachwa katikati ya mipaka hiyo mipya na heshima yake ya kale.

Mipaka hiyo ilianza kutoboka kutoka ndani. Mwaka 1927, Chilson alihubiri Kaimosi juu ya ubatizo wa Roho Mtakatifu, na watu wakaanza kulia, kutubu kwa sauti na kunena kwa lugha. Viongozi wa misheni waliingiwa na hofu, na waliokataa kunyamaza walifukuzwa. Kutoka kwao yalizaliwa makanisa ya Roho, likiwemo African Church of the Holy Spirit, ambalo waumini wake huvaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli, aliyetoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori, alianzisha African Israel Church Nineveh, linaloiheshimu Ijumaa na kutembea barabarani kwa bendera na ngoma. African Divine Church lilifuata mwishoni mwa muongo huo. Haya yalikuwa makanisa yasiyo na mishahara kutoka ng'ambo wala nyumba za matofali za wamishonari. Kama itakavyoonekana huko mbele, Lugari iliwafaa sana watu waliokwisha jifunza kuabudu bila vitu hivyo.

Kakamega mjini inakumbusha sababu nyingine iliyowafanya watu waitamani ardhi yenye hati. Dhahabu ilipogunduliwa hapa mwaka 1931, wachimbaji wa Kizungu walimiminika, na mwaka uliofuata serikali ilibadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji ili iweze kutwaa mahali penye madini bila kuwafidia kwa ardhi nyingine. Sheria iliyokuwa imeahidi kwamba rizavu itakuwa mali ya wenyeji daima ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Dhahabu haikudumu, lakini funzo lilikaa. Wazee waliokuwa vijana wakati huo ndio walioona karatasi za skimu miaka 30 baadaye na kutaka jina lao liwe juu ya kipande cha nchi.

Barabara ya kaskazini inapita Lubao, ambako Marafiki wana kituo chao cha amani, na kuuacha msitu wa Kakamega upande wa kulia. Kuanzia Malava, nchi ni ya Wakabras, na miwa imetawala. Trekta zenye matrela yaliyojaa miwa hukokota polepole, na magari ya abiria husubiri nyuma yake hadi nafasi ipatikane. Baada ya Webuye na mto Nzoia, msafiri akishika barabara kuu ya Eldoret, mandhari yanabadilika kwa ghafla. Ardhi inatandazika. Mashamba yanakuwa mapana, mistari ya mahindi inanyooka, na miti iliyopandwa kwa safu, alama ya mashamba ya walowezi, inaonekana kwa mbali. Upande wa Turbo kuna misitu ya misonobari na misanduku iliyopandwa ili kukilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye. Mtu aliyelelewa katika vilima vya Maragoli, ambako jirani husikia mtoto wa jirani akikohoa, lazima aliuona upana huu kama ugeni.

Mpango ulioleta watu hapa uliitwa Skimu ya Ekari Milioni. Ulianza mapema miaka ya 1960 kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia, pamoja na wafadhili wengine, na ulipomalizika ulikuwa umezipatia makazi familia zipatazo 35,000 katika Kenya nzima. Skimu zilikuwa za aina mbili. Zile zenye mashamba makubwa zilimtaka mwombaji awe na mtaji na ujuzi wa kilimo. Zile zenye mashamba madogo zililenga wasio na ardhi na wasio na kazi. Ardhi haikutolewa bure. Kila familia ilipewa deni la shamba la kulipwa kwa miaka 30, na deni jingine la kununulia ng'ombe wa gredi, mbegu na waya. Afisa wa skimu alikuja kukagua. Hati haikutoka hadi deni liishe, na wapo waliorithishwa deni pamoja na shamba.

Kwa familia, siku za mwanzo zilikuwa za upweke. Baba mara nyingi alitangulia na mwana mkubwa, akajenga kibanda cha udongo na nyasi, akafyeka mahali pa kupanda kabla ya mvua, kisha akarudi kuwachukua mama na watoto. Jumapili ya kwanza baada ya kufika hapakuwa na kengele ya kanisa. Shule ilikuwa mbali, zahanati mbali zaidi, na jirani alikuwa mtu asiyejulikana, aliyepangiwa ploti yake kwenye ramani ya mpimaji. Familia ya Marafiki ilijikuta ikipakana na ya Jeshi la Wokovu upande mmoja na ya Wakatoliki upande wa pili, na ng'ambo ya kijito pakiwa na Waisraeli wa Nineveh wakipiga ngoma Ijumaa. Kile ambacho kusini kilikuwa kimepangwa na wamishonari, yaani kilima kimoja na kanisa moja, hapa kilivurugwa na mpimaji wa ardhi.

Ibada ikaanza nyumbani. Familia moja iliwasha taa ya kandili jioni, ikasoma, ikaimba, na sauti ya wimbo ndiyo iliyomjulisha jirani kwamba wanafuata njia moja. Familia tatu zikawa mkutano chini ya mti. Mkutano ukapata kibanda, na siku za wiki kibanda kikawa darasa. Mama mmoja aliyesoma hadi darasa la nne au la sita aliwafundisha watoto kusoma, na kamati ya wazee ikaenda kwa afisa wa elimu kuomba mwalimu. Ndiyo sababu shule nyingi za eneo hili zimeambatana na kanisa na kubeba jina la dhehebu. Utaratibu wa Marafiki ulisaidia sana hapa. Mkutano wa kijiji huripoti kwa mkutano wa mwezi, na mkutano wa mwezi huripoti kwa ule wa juu yake. Maamuzi hufikiwa kwa makubaliano bila kura, na karani huandika kila kitu. Watu waliozoea kuendesha mambo kwa namna hiyo waliweza kuunda kanisa mahali popote penye familia kadhaa na daftari. Leo Marafiki wa Lugari wana mkutano wao wa mwaka, wenye hadhi sawa na ule wa Kakamega.

Akina mama walibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na hawajasifiwa inavyopaswa. Mwanamume aliyekuwa na mshahara Eldoret, Nairobi au kwenye reli alikuja mwisho wa mwezi. Aliyekaa na deni, ng'ombe, watoto na kanisa alikuwa mkewe. Vikundi vya akina mama vililimiana mashamba kwa zamu, vikachangiana sufuria za harusi, vikamtembelea mzazi mpya na maziwa na unga wa wimbi. Ndivyo mwanamke aliyeachana na dada na shangazi zake wote kusini alivyopata ndugu wa pili.

Kuishi pamoja na madhehebu mengine kuliwafundisha watu mambo ambayo wamishonari wasingewafundisha. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawashiriki mkate na divai, kwa kuwa huamini ubatizo ni wa ndani. Jeshi la Wokovu nao hawabatizi kwa maji, na walikuta wanaelewana kuliko walivyodhani. Watu wa Kanisa la Mungu huzamisha mtu mzima mtoni na kuoshana miguu. Wapentekoste huomba kwa sauti zote kwa wakati mmoja. Vijana wa nyumba hizi walioana, na kwa kawaida mke alihamia kanisa la mumewe, akija na nyimbo zake. Naona ndiyo maana kwaya za Lugari zina mapigo ambayo hayasikiki kwa namna ileile Kaimosi. Msibani ndipo mchanganyiko huu unapoonekana wazi. Usiku wa kesha kila kanisa hupewa zamu yake: bendi ya Jeshi, kwaya ya Marafiki, ngoma za African Divine, rozari ya Wakatoliki. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa nani kabla ya kuleta kuni.

Na ni makaburi yaliyokamilisha uhamaji. Kwa Waluhya mtu huzikwa nyumbani, na kwa miaka mingi nyumbani kulimaanisha kusini. Wazee wa mwanzo waliofariki katika skimu wengi walirudishwa Maragoli au Bunyore, gari likibeba jeneza na waombolezaji kilomita nyingi, ili walale kando ya baba zao. Kisha ikaja siku ambapo familia iliamua kumzika mzee kwenye ploti aliyoilimia. Uamuzi huo ulikuwa mgumu, na mara nyingi kanisa lilitoa hoja iliyoamua, kwamba ardhi yote ni ya Mungu na marehemu hahitaji kurudishwa popote. Baada ya kaburi la kwanza, wana hawakuweza tena kusema wanaishi Lugari kwa muda. Vijana walianza kupelekwa jandoni huku huku, na mabinti waliaga nyumba za wazazi wao kutoka uani huku huku.

Ukaribu wa mipaka ya kikabila uliijaribu imani hiyo. Lugari inapakana na Uasin Gishu, na mapigano ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaligusa vijiji vya mpakani. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nyumba na maduka yalichomwa Turbo. Maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, walikimbilia kituo cha polisi, na wengine walipiga kambi Lumakanda, makao makuu ya Lugari. Familia za skimu zilijua kukosa ardhi na kuwa mgeni ni nini. Baadhi ya vijana wao walishiriki uporaji, na majirani wengine walificha watu na kuwapelekea chakula. Yote mawili yalitokea.

Januari 2008, ghasia zikiwa bado zinaendelea, Marafiki wa Kenya walikutana Kakamega katika kongamano la amani na kuwaandikia viongozi wa kisiasa wakiwataka waache kumwaga damu. Kisha kazi ikahamia vijijini. Karibu na Turbo na Lumakanda ziliendeshwa warsha za kuponya majeraha ya moyo, kwa mfumo uliobuniwa Rwanda na Burundi baada ya mauaji ya huko, na warsha za njia mbadala za kutatua ugomvi, mfumo ulioanzia gerezani New York mwaka 1975. Walioketi kwenye duara walikuwa Waluhya, Wakalenjin na Wakikuyu, baadhi wakiwa wamechomeana nyumba. Mmoja wa waliosimamia kazi hiyo alikuwa David Zarembka, Mmarekani wa Marafiki aliyekuwa ameanzisha mwaka 1998 mpango wa amani wa eneo la Maziwa Makuu. Mwaka 2007 yeye na mkewe, Mkenya, walihamia Lumakanda, wakaishi humo kama familia nyingine yoyote, wakihudhuria kanisa la mahali. Hawakuwa wamemaliza mwaka vurugu zilipofika mlangoni. Hawakuondoka. Wote wawili walifariki mwaka 2021 kwa korona.

Leo Lumakanda, Kipkarren River, Mautuma na Chekalini zina shughuli nyingi, na magunia ya mahindi hupangwa kando ya barabara wakati wa mavuno yakisubiri malori. Lakini mashamba yaliyopimwa miaka ya 1960 yanagawanywa tena. Mzee aliyepewa ekari 15 ana wana sita, na wajukuu wameanza kugawana vipande kama vile babu zao walivyogawana Maragoli. Baadhi wameuza na kuvuka kwenda Trans Nzoia. Wengine wamekwenda Eldoret na Nairobi, ambako wanakutana Jumapili katika kumbi za kukodi. Ndugu zao wa Kilogooli waliohamia Kigumba, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kuihamisha imani yao vivyo hivyo, na kanisa la Marafiki liko huko hadi sasa. Katika skimu zenyewe, makanisa mengi ya udongo yamejengwa upya kwa matofali, kwa michango ya watoto walioondoka.